Kutawazwa kwa Mfalme Mtaani Kwetu

Mwaka wa jubilei ya Malkia, jirani yangu wa mkono wa kushoto aliweka meza katikati ya barabara yetu, akaitandika kitambaa cheupe, akafunga vibendera kutoka dirisha lake hadi nguzo ya taa ya upande wa pili, akakaa. Ni bibi wa Kiingereza, mjane, na amezaliwa katika nyumba hiyohiyo anayoishi. Alikuwa amepika keki, amekata sandwichi za tango, amechemsha chai ya kutosha harusi. Hakuja mtu. Si kwamba mtaa ulikuwa mtupu. Sisi wa Aston, hapa Birmingham, tumebanana kwenye nyumba zetu za safu, ukuta mmoja nyumba mbili, jirani akipiga chafya unamwambia pole. Watu walikuwemo ndani. Hata mimi nilikuwemo, nyuma ya pazia la chumba cha juu, namtazama akifukuza nzi kwa gazeti, najiambia nitashuka nikimaliza kukunja nguo. Mvua ilianza kunyesha kabla nguo hazijaisha, naye akaanza kurudisha sahani ndani moja moja.

Sina ugomvi na Malkia, Mungu amrehemu, wala na mwanawe. Ni kwamba shangwe za kuamriwa nilizimaliza utotoni Mombasa. Tulikuwa tukitolewa darasani asubuhi, tunapangwa kando ya barabara juani, tunagawiwa vibendera vya karatasi tumpungie mkubwa fulani anayepita. Msafara unapita vuu, hujui yumo gari lipi, na hapohapo mwalimu anaanza kukusanya vibendera vyake, na ole wako kama chako kimechanika. Tangu siku hizo nikiona bendera ndogo miguu huniuma. Baadaye nikaishi Uholanzi, ambako siku ya kifalme mji mzima unavaa rangi ya machungwa, nako pia nilikuwa nabaki ndani nikipika. Mtu akiniuliza kwa nini, nilikuwa nasema sisi Wasomali wa Kenya tumepitishwa chini ya bendera nyingi mno, hatuna tena nguvu za kupunga. Lilikuwa jibu zuri, watu walicheka, na lilinipunguzia kazi ya kutoka nje.

Basi Malkia akafariki, na mwaka uliofuata mwanawe akawa anavishwa taji. Bibi jirani akanibishia mlango. "Bab," akaniambia. Hivyo ndivyo watu wa Birmingham wa zamani wanavyomwita mtu wanayempenda, awe mtoto awe kikongwe. "Bab, halmashauri wamenikubalia kufunga barabara Jumapili. Lakini siwezi kukaa tena kama mwaka jana. Nikikaa tena peke yangu pale, nitaingia ndani na sidhani kama nitatoka."

Aliyasema akicheka, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika fremu ya mlango kama mtu aliyeko kwenye basi linalokata kona. Akaonyesha kwa kidevu nyumba za ng'ambo. "Wewe unazungumza na wale. Waambie waje."

Wale, maana yake watu wa Kiswahili. Mtaa wetu una Wakongomani wengi, Watanzania kidogo, na sisi wa Kenya wa kila aina. Bibi alijua nazungumza nao kwa sababu aliniona kazini. Mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya hapa jirani. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya kioo, kuandikisha wagonjwa na kutukanwa kwa sababu ya nafasi za daktari. Lakini akija mgonjwa asiyejua Kiingereza na mkalimani hajapatikana, daktari huniita niingie naye ndani nimsemee. Sikulipwa kwa hilo na sikutaka kulipwa. Nililipenda. Shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili mwaka hata mwaka, mimi mtoto wa Kisomali niliyewashinda Waswahili wenyewe, na sifa hiyo sijawahi kuivua, nimekuja nayo mpaka Ulaya.

Mgonjwa niliyemsemea zaidi ya wote alikuwa mama mmoja wa Kikongo, kiongozi wa kwaya katika kanisa lao la kukodi, ukumbi ulioko nyuma ya gereji ya matairi. Alikuwa na maradhi ya tumbo la uzazi, mambo ambayo mtu hayasemi mbele ya mtoto wake wala mbele ya mume. Aliyasema mbele yangu. Akifika dirishani hakumtazama mpokezi mwenzangu hata kidogo, alikaa akanisubiri mimi, na tukiwa ndani kwa daktari alinishika mkono mpaka tunatoka. Kiswahili chake nilikuwa nakicheka moyoni, hayo "siye" na "batu" yao, lakini yeye mwenyewe nilimpenda.

Basi nikamwahidi bibi kwamba watakuja. Niliahidi kirahisi, vile mtu anavyoahidi ili mlango ufungwe. Usiku ule, nikikumbuka vidole vyake, nikaona nisifanye mchezo, nikakaa kitandani nikatunga ujumbe wa sauti kwa ajili ya kundi la simu la watu wa Kiswahili mtaani, lile ambalo kwa kawaida hutangaza unga wa muhogo na kuonyana kuhusu wanaoandikia magari faini. Nilitaka ujumbe wenye mvuto. Nilitaka, nikisema kweli, wasikie Kiswahili ni kitu gani.

Nikasema hivi: "Ndugu zangu wapendwa, Jumapili hii tukutane hapa mtaani kwetu tusherehekee kutawazwa kwa Mfalme. Mfalme wetu anapokea taji lake. Njooni nyote, wakubwa kwa wadogo, njooni na vyakula na nyimbo. Mimi miaka yote nimejificha ndani, lakini safari hii nimeamua kutoka na kusimama nanyi mbele ya watu wote."

Kabla sijautuma huko nilimtumia mama yangu Mombasa, ili anisifu. Akanipigia akicheka mpaka anakohoa. Pwani kwetu kutawaza ndivyo pia tunavyosema kumsafisha mtoto akitoka chooni. "Kwani huyo mfalme mzima hivyo hawezi kujitawaza mwenyewe?" akaniuliza. Nikamwambia mama, hii ni lugha ya vitabuni. Akaniambia haya, lakini hao unaowaita nao wamesoma vitabu vipi? Nilidhani anaendelea na mzaha. Nikautuma.

Majibu yalimiminika mpaka simu ikawa moto. Vipicha vya mioyo, vya mikono iliyofumbatwa, vya machozi. Mama wa kwaya alituma "Haleluya" mara nyingi, na wengine wakaitikia "Amina". Sikushtuka hata chembe. Wakongomani wa mtaani kwetu ukiwaambia takataka zinazolewa Alhamisi nao hukujibu Amina. Nikamwambia bibi jirani juu ya ukuta wa nyuma, watakuja wengi, kata mikate zaidi. Akaniuliza wangapi. Nikamwambia kata yote.

Jumapili ikawa kavu, kwa bahati. Bibi alikuwa ameunganisha meza tatu za kila namna ya urefu. Juu yake aliweka mataji ya karatasi ya dhahabu ya kujivisha, na kwenye kila kiti kikombe chenye picha ya Mfalme mpya. Mimi nilileta sambusa za nyama, nikaziweka mbali na soseji za nguruwe, nikakaa. Binti yangu alitoa kichwa mlangoni na vipokea sauti vyake masikioni, akasema, "Mama, literally nobody cares," yaani hakuna hata mmoja anayejali, akarudi ndani. Mume wangu alikuwa kwenye zamu. Katika nyumba zote za mtaa alitoka mtu mmoja tu, mzee Singasinga wa nyumba ya mwisho, aliyekulia Kisumu na ambaye Kiswahili chake bado kina vumbi la Kisumu. Alikuja na kiti chake mwenyewe na gazeti.

"Mama, mimi nimekuja kula," akaniambia. "Mfalme ni shauri yake."

Tukakaa watatu. Mapazia ya mtaa yalikuwa yanatikisika, nikayajua yale mapazia, maana mwaka jana moja lilikuwa langu. Bibi alimimina chai ambayo hakuna aliyeiomba. Kila gari likipita barabara kubwa aliinua kichwa. Mimi nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia, na aibu ilikuwa imeshaanza kuniwasha, maana mikate yote aliikata kwa neno langu.

Halafu tukasikia ngoma. Zilitoka upande wa gereji ya matairi, zikakata kona, na nyuma yake wakaja watu wote wa kanisa lile. Walikuwa wamevaa nyeupe tupu, akina mama mbele wakipiga vigoma vya mkononi, vijana wakisukuma kinanda na spika juu ya toroli la supamaketi, na masufuria ya wali na maharage yakifuata vichwani. Walikuwa wanaimba kwa sauti tatu, na katika wimbo ule neno lililorudi kila mara ni Mfalme. Walijaza barabara. Bibi alisimama polepole, mkono mdomoni, machozi yakamtoka bila haya yoyote.

"Sikujua," akasema. "Bab, sikujua kwamba wanampenda namna hii."

Hata mimi sikujua. Nilijivuna, acha niseme. Kwa muda ule mfupi niliamini kwamba Kiswahili changu kimewatoa watu majumbani kumshangilia mfalme wa Uingereza, kazi ambayo walimu wangu na askari wa barabarani hawakuiweza bila kiboko. Ngoma zilifanya ambacho vibendera vilishindwa, milango ikafunguka, Wapakistani wakatoka, Wabangali wakatoka, akina mama ninaoswali nao msikitini wakapanga mstari kwenye ukuta wao, simu mkononi, wakirekodi.

Mzee Singasinga alikuwa ameacha gazeti lake. Alisikiliza wimbo ubeti mzima, akaniinamia. "Mama," akasema taratibu, "hii watu haijakuja kwa mfalme wa London. Imekuja kuokoa wewe."

Nikamwambia aache mzaha. Lakini mama wa kwaya alikuwa ameshanifikia, amenikumbatia, mashavu yake yamelowa. "Dada, siye tulisikia mesaji yako, mi nikalia," akaniambia sikioni. "Nikaambia batu bote, leo tunafunga kanisa, ibada itakuwa kwa dada. Miaka yote hii tunakuombea. Kila mara ukinishika mukono kwa munganga, mi ninasema ndani ya roho, Bwana, na huyu." Akafungua mfuko wa plastiki akatoa vazi jeupe refu, limepigwa pasi, lina harufu ya sabuni. Lilikuwa la kimo changu. Alikuwa amelishona yeye.

Hapo ndipo ujumbe wangu wote ulinirudia neno kwa neno. Kutawazwa kwa Mfalme. Taji. Nimejificha ndani. Nimeamua kutoka mbele ya watu wote. Kwao Mfalme ni mmoja, na hayuko London. Nilisimama na vazi limetandazwa kwenye mikono yangu, hijabu yangu kichwani, dada zangu wa msikitini wakirekodi ng'ambo, nikatamani barabara ipasuke.

"Wanaimba nini, bab?" bibi akaniuliza, akifuta macho.

"Wanaimba Mfalme atawale milele," nikamwambia.

"Bibi anasema nini?" mama wa kwaya akauliza.

"Anasema asante kwa kuja kwa ajili ya Mfalme."

"Haleluya," akasema mama wa kwaya, akambusu bibi mashavu yote mawili. Bibi akachukua mataji ya karatasi akaanza kuwavisha mmoja mmoja, nao wakainamisha vichwa kwa heshima wakayapokea. Hakuna neno hata moja nililolikosea. Ungeleta mkalimani wa mahakama angenipa cheti. Na nilikuwa nadanganya pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kila sentensi ya kweli iliniongezea uchafu mdomoni.

Mama wa kwaya akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Akanivuta katikati ya barabara. Watu wakafanya duara. Akasema kwa sauti ya kanisani, ile inayofika ukuta wa nyuma: "Dada yetu, sema mbele ya batu bote. Umemupokea Mufalme?"

"Anakuuliza nini?" bibi akaninong'oneza, akitabasamu.

Nilifikiri kusema ndiyo. Naapa nilifikiri. Ingekuwa neno moja, bibi angelisikia lake, wao wangelisikia lao, tungekula wali. Lakini dini si kitu cha kuchezea mdomoni, ya kwangu wala ya kwao, na mama yule alikuwa ananitazama kama anavyonitazama ndani kwa daktari, akingoja nimwambie kwa usahihi ni nini kilichosemwa. Nikachukua kikombe kimoja mezani.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Mfalme niliyemsema ni huyu."

Akakitazama kikombe. Akakigeuza kidogo ili auone uso vizuri. "Huyu?"

"Huyu."

"Huyu wa kwao?"

"Huyu wa kwao. Ujumbe ulikuwa wa sherehe yake. Nilichagua maneno vibaya. Sikujua mtasikia hivyo."

Maneno yalisafiri nyuma ya umati, mdomo kwa mdomo, nikawaona wakiyapokea. Kulikuwa na mzee wao, amebeba ngoma kubwa, na bibi alikuwa amemvisha taji lake kichwani kiupandeupande. Akalivua. "Mufalme wa Bulaya," akasema, si kwa hasira, kama anayekumbushwa mtu wa zamani. "Siye ba Congo tulimujua mufalme wa Bulaya. Bazee betu balimujua muzuri sana." Akalikunja taji lile vizuri, akaliweka mezani kando ya sandwichi, akageuka na ngoma yake kurudi alikotoka. Nyuma yake wakafuata vijana wa kinanda, wakafuata wengine. Hakuna aliyenitukana. Toroli lilikuwa na gurudumu bovu, likalia njia nzima.

Nimeona aibu nyingi maishani. Ile ilikuwa na pande tatu. Niliwaonea aibu wao, waliofunga kanisa lao Jumapili kwa ajili ya roho yangu. Niliona aibu mbele ya wenzangu wa msikitini, ambao tayari walikuwa wananiona na vazi la ubatizo mikononi. Lakini iliyonimaliza ni sauti ya bibi nyuma yangu. "Mbona wanaondoka? Nimefanya kosa? Ni sandwichi zangu?"

Mama wa kwaya hakuhitaji tafsiri ya hilo. Alimtazama bibi, akatazama meza, akahesabu kwa macho viti vilivyowekwa vikombe. "Huyu mama bwana yake iko wapi?" akaniuliza.

"Amekufa."

"Batoto?"

"Hana."

"Alipika hii yote kwa ajili ya siye?"

"Ndiyo. Mwaka jana hakuja mtu."

Akachukua vazi mikononi mwangu, akalikunja, akalirudisha kwenye mfuko. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uko na aibu?"

"Ninayo."

"Basi kaa nayo. Usimugawie huyu."

Akawageukia waliobaki, wengi wao akina mama, akawaambia waketi. Wakaketi. Masufuria yakafunuliwa, wali ukapakuliwa juu ya sahani za maua za bibi, sambusa zangu zikaliwa zikaisha, hata sandwichi za tango waliziweka mdomoni wakatafuna kwa adabu. Kisha wakaimba, si ule wimbo wa Mfalme, bali nyimbo za kwao za mavuno na za kumsindikiza bi harusi. Bibi akainuliwa kitini akachezeshwa, akazunguka na taji lake la karatasi mpaka likamdondoka. Mzee Singasinga alipiga makofi hata asipoujua wimbo. Mimi nilipanga vikombe, nikamwaga chai baridi, nikaleta chumvi. Mama wa kwaya alipotaka chumvi alimwomba aliyeketi kando yake, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimeishika.

Yaliyofuata mtu anaweza kuyakisia. Msikitini niliulizwa lini nahamia kwaya, kwa utani, na kwa muda mrefu utani ule haukuchoka. Mama yangu hakucheka safari hii, alisema tu, "Mwanangu, neno ulilichukua kabatini kwa sababu linang'aa." Nikatuma ujumbe mwingine kwenye lile kundi la simu, mfupi, maneno ya sokoni, naomba radhi, nimewakosea. Mama wa kwaya alijibu Amina. Hakuongeza moyo wala mkono.

Bibi jirani ndiye aliyetoka amepona. Anatoka kila siku sasa. Na popote anapopata watu wawili waliokaa, kituo cha basi, foleni ya posta, huwasimulia kwamba Jumapili ile, mtaa wetu peke yake ndio ulioimba, kwamba watu waliotoka mbali kuliko wote ndio waliompenda Mfalme kuliko wote. Watu humtazama wakarudi kwenye simu zao. Mfalme ameshazoeleka, yuko kwenye sarafu, nani ana habari naye? Akiniona huniita nimshuhudie. Nami hushuhudia.

Majuzi amekuja kliniki kupimwa presha. Alipoingia chumba cha kungojea, mama wa kwaya alikuwa ameketi pale chini ya televisheni. Alikuwa amekuja na miadi ya daktari, ile shida yake imerudi, nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyeiandikisha kwenye kompyuta. Dirishani alisema na mwenzangu. Aliomba mkalimani wa simu, kama anavyoomba kila mara tangu Jumapili ile. Mkalimani wa simu ni mtu usiyemjua, popote alipo nchini, sauti tu inayotoka kwenye spika ya daktari, na kumpata inachukua muda. Mama alikuwa akingoja apatikane, mikono tumboni, na mimi nilikuwa nyuma ya kioo, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Bibi alimwona akafurahi kama ameona ndugu. Akaketi kando yake, akamshika mkono, akawatangazia wagonjwa wote habari ya siku ile. Mtoto mmoja alikuwa akilia, wengine walikuwa na simu zao. Bibi hakujali. Akanigeukia. "Mwambie, bab. Mwambie mpaka leo nawaza walivyokuja kwa ajili ya Mfalme."

Nikakaribia tundu la kioo. "Mama, bibi anasema—"

Mama wa kwaya akainua kiganja. "Nilisikia," akasema. Akamgeukia bibi, akamwambia kwa Kiingereza chake mwenyewe, ambacho sikuwahi kukisikia, akikitoa neno baada ya neno: "We come for our King. We stay for you." Walikuja kwa ajili ya Mfalme wao, wakabaki kwa ajili yake.

Bibi akacheka, akambusu mkono, akasema ndivyo, ndivyo kabisa, mfalme wetu. Mama akampapasa bega. Hakunitazama.

Simu ikalia mezani kwangu. Alikuwa mkalimani, amepatikana, sauti ya kijana mpole. Akathibitisha lugha, nikamwambia ni Kiswahili, mgonjwa ni wa Congo, nampeleka kwa daktari sasa hivi. Akasema sawa, ila laini yake leo inakatikakatika, kwa hiyo angependa kujua: hapo kliniki kuna mtu anayejua Kiswahili, akae karibu na mgonjwa endapo simu itakatika?

Nilimtazama mama kupitia kioo, akiinuka kwa taabu, akifuata mlango wa daktari.

Nikamwambia hakuna.